Mmbea wa Mkononi Mwako

Mama yangu, shikamoo.

Ungekuwapo ungeitika marahaba kwa sauti yako ile ya kuvuta, na kabla sijakaa ungeniuliza kama nimekula. Sijala, mama. Niko ofisini hapa stendi ya Same, basi la saa nne limeshaondoka, na kifaa chako kiko mezani kando ya kitabu cha tiketi. Hospitali wamenipigia mara mbili kukiulizia, kuna mgonjwa mwingine anakisubiri. Nimewaambia nitakipeleka kesho. Kabla hakijaondoka kuna jambo nataka kukuambia, maana ulipokuwa hai nilishindwa.

Unakumbuka siku uliyovishwa kifaa hiki? Ulikuwa umelazwa wiki mbili, miguu imevimba, moyo umechoka, kama alivyosema daktari. Ukaruhusiwa kwenda kuuguzwa nyumbani kwa masharti. Muuguzi alikufunga ile saa nyeusi ya mpira, akakueleza kwamba itapima mapigo ya moyo na usingizi wako, itatuma kwenye simu yako, na simu yako itatuma kwao na kwangu. Ulimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Tulipofika nje ukasema, "Kwa hiyo wamenifunga mmbea." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu siku ile hatukukiita jina lingine.

Lakini mmbea hasa nilikuwa mimi. Simu ikilia tu kwamba mapigo yamepanda, namwacha abiria dirishani nakupigia.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mama!"

"Nasafisha tangawizi kidogo tu."

"Kaa chini!"

Siku moja nilikugombeza kumbe ulikuwa unacheka. Shangazi Nakiete alikuja na habari zake za kwaya, mkacheka wote wawili, kifaa kikanisemea. "Hata kucheka, Nakunda?" ukaniuliza. Nikajibu kwamba daktari amesema upumzike. Kisha nikakata simu nikiona nimefanya kazi nzuri. Sasa ndipo najiuliza: katika miezi ile mitatu, niliwahi kukupigia kwa sababu nyingine yoyote? Sikumbuki. Nilijua mapigo yako saa baada ya saa, ila sikujua kwamba mbuzi wako alishazaa.

Halafu ukanipigia wewe. Ulizunguka sana siku ile: mahindi, jirani, mvua inayokaribia. Mwisho ukasema, "Jumamosi kuna msaragambo, tunatoa tope kwenye ndiva. Nyumba yetu haina mtu."

Ndiva ile nimeiona tangu nikiwa mgongoni mwako, bwawa la wazee wetu linalotunza maji ya mfereji kabla hayajafunguliwa kwenda mashambani. Kila mwaka pembe ya msaragambo inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake kwa kazi ya pamoja. Baba alikuwa akienda. Alipofariki ukashika jembe lake ukaenda wewe, na jina la nyumba yetu halikuwahi kuitwa likakosa wa kuitika.

"Mama, wewe ni mgonjwa, umeshasamehewa," nikakwambia.

"Nimesamehewa mimi. Nyumba haijasamehewa." Kisha ukasema taratibu, "Ungepanda huku mlimani wewe, mwanangu. Siku moja tu."

Nikakwambia Jumamosi abiria ni wengi. Ni kweli ni wengi, lakini mwenzangu hapa ofisini alikuwa tayari kunishikia zamu. Nilikuwa sitaki tu, mama. Safari ya gari la Kisiwani, kisha bodaboda kupandisha kule kwetu, kisha tope kutwa nzima. Nilitaka Jumapili niamke mgongo hauniumi.

Jumamosi asubuhi nikafungua simu. Mapigo sabini. Baada ya saa nzima, sabini na moja. Kifaa kikasema umelala hadi saa moja na nusu, kumekucha kabisa. Wewe, mama! Wewe ambaye saa kumi na moja alfajiri moto umeshawaka na makande yako yapo jikoni.

Nilijua. Naandika tena nisije nikalikwepa: nilijua. Ule haukuwa moyo wako. Nilijua ni siku ya ndiva, na nilijua kwamba kwenye nyumba ya pili kutoka kwetu yupo shangazi Nakiete ambaye mguu haumruhusu kwenda mbali, anakaa kibarazani anamenya maharage tangu asubuhi hadi jioni. Nilishika simu nikupigie, nikaiweka chini. Ningekupigia ningeambiwa uko kwenye tope, na ingenibidi nifunge ofisi nipande. Namba nzuri zilinipa likizo, nikaichukua. Nilikula chipsi mchana ule kwa raha zangu.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Jumatatu muuguzi alinipigia. Alisema tangu Jumapili namba zako hazimpendezi, akauliza, "Kuna kazi nzito alifanya wikiendi?" Pale pale ningesema. Ilikuwa sentensi moja. Niliona aibu, mama, aibu ya mtu mzima aliyeombwa siku moja na mama yake akainyima. Nikasema, "Hapana dada, Jumamosi alilala sana, si umeona mwenyewe?" Akasema basi tusubiri kliniki ya Alhamisi. Simlaumu hata kidogo, alifuata kile alichoambiwa.

Wewe hukuifikia Alhamisi.

Daktari anasema moyo wako ulikuwa umechoka sana, huenda hata bila ndiva ingekuwa hivyo hivyo. Huenda. Neno hilo nalala nalo na kuamka nalo, na halinisaidii kitu.

Baada ya maziko, watu walipopungua, shangazi alinivuta jikoni. Alikuwa analia kabla hajafungua mdomo. "Ni mimi niliyekivaa, Nakunda. Wifi alinivisha mwenyewe Ijumaa jioni, akaniachia na simu. Akaniambia, kaa na huyu mmbea, mwanangu asipate wasiwasi kazini. Nisamehe."

"Nilijua, shangazi."

Akaacha kulia. Akanisogezea kigoda, akachukua sufuria akaenda kuiosha.

Mwanangu asipate wasiwasi. Ulitoka na moyo ule kwenda kubeba tope, na bado uliyekuwa unamhurumia ni mimi.

Jumamosi iliyopita pembe ilipigwa tena, kumalizia ukingo uliobaki. Nilipanda tangu Ijumaa. Asubuhi nikachukua jembe la baba, mpini umelainika pale ulipokuwa unashika. Sijui kwa nini nilikivaa kifaa chako. Pengine nilitaka mkono wangu uwe na kitu chako. Simu yako niliiweka mfuko mmoja, yangu mfuko mwingine, nikashuka na wengine hadi kwenye ndiva. Yakaitwa majina ya nyumba. Letu lilipofika, msimamizi alisita kidogo, akatazama chini. Nikaitika. Watu wakageuka, mama mmoja akanifunga kanga kiunoni vizuri, tukaanza kazi.

Haikupita nusu saa. Nimezama magotini, jasho linaingia machoni, simu yangu ikalia mfukoni ule mlio ninaoujua. Nikafuta tope kwenye kidole nikasoma: "Mama. Mapigo yamepanda. Mwombe apumzike."

Nilisimama pale kwenye tope nikiwa nimeitoa simu yako kwenye mfuko wa pili, mama, nikisubiri ilie, mtu anigombeze, aniambie kaa chini.

Haikulia. Nikairudisha mfukoni, nikaendelea kuchimba mpaka jua likageuka.

Lala, mama. Jina likiitwa, usiamke.

Mtu wa nyumba yako,
binti yako Nakunda.