Sauti ya Kifaranga Tudi

Jumatatu, 5 Februari 1934
Filamu mpya ya katuni ya Kifaranga Tudi imefika sinema ya mtaani kwetu. Ukumbi mzima kicheko! Rafiki yangu Hazel akaninong'oneza kwamba ile sauti ya Tudi si ya mtu, ni ya fidla. "Nani ana koo la namna hiyo?" akaniuliza. Nikauma ulimi. Ni shangazi yangu Verna! Lakini studio imemwapisha asiseme, na jina lake halimo kwenye filamu. La aliyechora mawingu limo.

Alhamisi, 8 Februari
Nimemwuliza Shangazi anaitoaje sauti ile. Sisi husema tukitoa pumzi. Yeye husema akiivuta ndani! Alianza utotoni, akiwachokoza kuku wa babu kule Iowa. Kisha miaka ya kuzunguka na michezo ya jukwaani, akilia kama paka, kama mlango, kama mtoto mchanga. Filamu zilipoanza kusema, kumbi za michezo hiyo zikafungwa. Wenzake walilia. Yeye alikwenda kugonga mlango wa studio.

Jumapili, 11 Februari
Chakula kwa Shangazi. Amekohoa — damu kwenye leso! Baba akafoka: "Verna, unataka kuwa bubu kwa ajili ya kuku wa karatasi?"
"Kaka, huyo kuku ndiye aliyenunua hiyo nyama unayotafuna."
Hata Baba alicheka. Ila hakumaliza sahani.

Jumanne, 13 Februari
Daktari ameamuru anyamaze kabisa. Anaongea kwa mikono, na mimi namfasiria mwuza maziwa! Jioni Bwana Krantz wa studio akapiga simu, nikapokea. Amesema Ijumaa, kwenye kurekodi, atakuwapo pia msichana wa redio anayemwiga Tudi. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayebaki. "Mwambie shangazi yako asininunie, binti. Watazamaji hawajui ni sauti ya nani." Shangazi alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Akaenda kupiga pasi gauni lake la buluu.

Ijumaa, 16 Februari
Baba ameniombea ruhusa shuleni. Naandika kwenye benchi la studio. Taa nyekundu juu ya mlango — wanarekodi. Shangazi na yule msichana wa redio wameingia wote wawili. Shangazi hajatoa sauti tangu Jumanne. Hata leo asubuhi hakuijaribu, alinibana mkono tu.

Orkesta imeanza. Na Tudi huyo! Mkali, mwembamba, kama kanyang'anywa punje. Huko ndani mpigaji mmoja amecheka, fidla zikavurugika. Nami nimecheka — kisha nikasimama ghafla. Nimeweka sikio mlangoni. Ni Tudi mwenyewe, kabisa. Lakini ni Shangazi, au ni yule wa redio?

Sijui. Mimi, damu yake, sijui!

Taa bado nyekundu.