Mashine Iliyomaliza Salamu

Baba Kabula,

Kosa wanalofanya wengi wakienda kununua mashine ya betri ya kufungia skrubu ni kusoma namba ya nguvu kwenye boksi, kulipa na kuondoka. Mkono hawauulizi. Naanza na mashine kwa sababu nikianza na mengine sitafika mwisho wa barua hii.

Unakumbuka ulivyokuwa ukizijaribu dukani kwa Mama Zahra? Mafundi wenzako waliwasha, wakasikiliza mlio, basi. Wewe ulichomeka betri, ukainua mashine hadi usawa wa bega, mkono umenyooka kama uko juu ya kenchi za paa, kisha ukasalimia. "Mwangaluka, mama." Na sisi Wasukuma salamu hatuzikimbizi. Mama Zahra, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Shinyanga, alilijua hilo vizuri. Alikuitikia, akaulizia nyumbani, mvua za kwenu Mhunze, ng'ombe, lile dume lako korofi, mbuzi, majirani. Alirefusha makusudi huku akiutazama mkono wako.

"Mbona unatetemeka, Baba Kabula? Hata kwa mbuzi hatujafika!"

Mashine iliyokushinda kabla salamu hazijaisha uliirudisha kwenye boksi. "Kama haiwezi kunisubiri nisalimie watu," ulisema, "itanisubirije nimalize paa?" Mimi nilisimama pembeni nikicheka. Nimefundisha fizikia hadi kustaafu, na sijaona kipimo kilichonifurahisha kama kile.

Sasa nikupe habari. Siku tulipomaliza matanga, kaka yako alimkabidhi Kabula ile mashine yako kubwa mbele ya ukoo wote. Alimwambia, "Kazi ya baba yako isianguke mikononi mwako." Maneno mazuri. Lakini binti yako alielewa kwamba ni mashine ndiyo isianguke. Akaibeba kila mahali, na mpini wake ule ulioufunga mpira wa tairi la baiskeli ili ujae kwenye kiganja chako. Kwenye kiganja chako, rafiki yangu. Vidole vya Kabula havikutani.

Alipata kazi Rwamgasa, kule kwenye machimbo ya dhahabu, kuezeka banda kubwa la mama lishe, ambao walikuwa wamechoka kupika huku mvua ikiingia kwenye sufuria. Nilikwenda kumtembelea. Wachimbaji waliokuwa wakipita walimpigia kelele, "Fundi, shuka tukusaidie!" Akawajibu kutoka juu ya mbao za papi, "Nyie mmezoea kushuka, huku ni kupanda!" Walicheka mpaka wakasahau walikokuwa wakienda. Nilijivunia, nikageuka nikuambie. Mara nyingi bado nageuka hivyo.

Aliposhuka kunisalimia, alinipa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, kifundo kimevimba.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, huu mwingine umegoma."

"Marahaba, mwanangu. Umegoma, au umeufukuza kazi?"

Hakucheka. Aliniambia mawingu yanakaribia na paa halijafika nusu. Akishindwa atamwachia fundi mwingine, na akishaliacha hili hapandi tena paa lolote. Nikamwambia atafute nyepesi. Akaukumbatia ule mpini. "Nimwambie nini baba? Kwamba nimeiweka chini?"

Nilifanya kile ninachokijua, nikaeleza. Nilimwambia kwamba drili ya kawaida husokota tu, na skrubu ikikaza, msokoto wote hurudi kwenye kifundo cha mkono. Mashine hizi zenu husokota huku zikigonga kwa ndani, kama mtu anayelegeza nati ya gurudumu la lori kwa kupigapiga spana. Kwa hiyo hazikusokoti sana. Unachobeba ni uzito na mtikisiko. Na mkono ukishachoka unachelewa kuachia swichi. Mashine yenye nguvu inaendelea kukaza, ile raba chini ya kichwa cha skrubu inabanwa hadi inachomoza nje, na hapo hapo paa linavuja. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanafunzi wangu walivyonisikiliza kabla ya chakula cha mchana.

Kilichomgusa hakikutoka kwangu. Uvimbe ulipopungua nilimleta mjini kwa Mama Zahra, na mashine yako tukaja nayo. Mama Zahra aliitambua kwa ule mpira. Akachomeka betri, akamwekea Kabula mkononi, akamwinua kiwiko. "Mwangaluka, mwanangu. Huko Mhunze mmeamkaje?"

Kabula alinitazama. Hakuwahi kusikia habari hii. Alijua tu kwamba ukienda dukani ulichelewa kurudi. Nikamweleza. Mama Zahra alipofika kwenye ng'ombe, mkono wa Kabula ulikuwa ukitetemeka na machozi yanamtoka, lakini anacheka.

Wakajaribu nyingine, ya ukubwa wa kati. Ina nguvu nzuri na gia za kupunguza mwendo, lakini uzito wote uko puani, na betri yake haiingiliani na ya drili aliyo nayo Kabula. Rwamgasa umeme unakatika utakavyo, na betri moja kuhudumia mashine mbili si jambo dogo. Hiyo nayo iliishia kwa mbuzi.

Ya tatu ni fupi, inaingia hata kwenye kona ya papi na ukuta. Vidole vya Kabula vinauzunguka mpini na kukutana. Nisikudanganye, nguvu ya yako haina. Skrubu ndefu ikikutana na mbao ngumu, inanung'unika. Lakini kwa bati inatosha. Mama Zahra alimaliza ng'ombe, mbuzi, majirani wote, akaishiwa. Kabula, mkono bado uko juu, akamuuliza, "Na nyumbani kwako je, mama? Wajukuu hawajambo?"

Aliichagua mwenyewe. Yako haikulala: inafunga bolti za kenchi chini, ambako vibarua wake wawili wenye viganja kama vyako wanaigombania. Paa limekwisha. Mvua ya kwanza ilipopiga, mama lishe walipika, na Kabula alisimama katikati ya moshi akitazama juu kwa muda mrefu. Halikudondosha tone.

Narudi kwenye ile asubuhi yako ya mwisho hospitalini. Niliingia ukiwa huna sauti ya kutosha. Badala ya kuongea, uliinua mkono wa kulia, mtupu, usawa wa bega, ukanisubiri. Nikaelewa. Nikaanza: mwangaluka, nyumbani, mvua. Mkono ulianguka kabla sijawataja ng'ombe. Ukatabasamu. "Mwalimu," ulisema, "hii irudishe dukani."

Sikumaliza zile salamu, na zimenikaa kifuani. Basi nizimalize. Ng'ombe hawajambo. Dume lako bado korofi. Mbuzi wamezaa. Majirani wanakutaja. Mama Kabula anakula vizuri sasa. Na kuhusu Kabula nakuahidi: kila atakapokwenda kununua kifaa, maadamu miguu yangu inanibeba, nitasimama naye dukani na kumsalimia bila haraka.

Kwaheri, ndugu yangu. Salamu zimekwisha.

Leo shusha mkono.