Chungu Kisichotoka Jasho

Kawangware, 19 Januari 2025

Niaje Nzilani,

Habari ya Silanga, habari ya kifua cha mathe, na sukari yako inaendeleaje? Huku kwangu wote wazima, yaani mimi na brashi zangu. Nimeanza kunenepa. Wasichana wa hapa wanalalamika ati nikisimama kwa kichochoro, njia haipitiki.

Nimesikia kwa Awiti muuza samaki kwamba paka wa jirani yenu Mercyline aliangusha kile chungu mlichopewa kliniki cha kuwekea dawa. Pole, lakini si pole sana. Kile chungu kilikuwa aibu. Rangi ya matope, kutwa kinatoka jasho kama mzee aliyebeba gunia, sakafu imelowa, mathe anateleza, lawama kwa nani? Kwa Muia.

Sasa kaa chini, kwa sababu Awiti anakuletea kitu. Ni vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, kama kile cha kwanza. Unamwagia mchanga maji, chupa zako za insulini zinakaa ndani. Tofauti ni kwamba hiki kimepita kwa mikono ya fundi. Nimekipaka rangi ya mafuta, ile ya milango ya maduka, koti mbili, yaani mara mbili, ndani na nje, vyote viwili. Kile kitambaa kibichi cha kufunikia nimekitupa, nimekukatia kifuniko cha bati kinachokaza kisawasawa. Nje nimechora mlima wenye theluji na maandishi: FRIJI YA NZILANI, BARIDI KULIKO LIMURU. Bosi wangu Nderitu alikiangalia akaanza kuhesabu mikebe ya rangi, na Nderitu akihesabu mikebe ujue ni wivu. Nilikijaza maji nikikijaribu. Hakikutoa hata tone.

Usimwambie mathe kimetoka kwangu. Tangu aseme nikiacha shule niache na nyumba yake, na simu yake nisiipige, nahisi kitu chochote chenye mkono wangu atakitupa kwa dam, lile bwawa la hapo chini.

Jibu umpe Awiti. Kila akileta omena huku sokoni, lazima apite kwa duka letu akinitukana.

Ni mimi kaka yako, fundi wa mafundi,
Muia

*

Silanga, Kibera, 26 Januari 2025

Kaka Muia,

Natumai hizo brashi bado wazima na unene wako haujapasua ukuta wa watu. Sisi tuko salama, ila joto linatupika. Ikifika saa nne asubuhi mabati yameanza kulia. Kifua cha mama kimetulia.

Friji imefika. Awiti aliibeba kichwani na watoto wakamfuata mpaka mlangoni wakidhani ni keki ya harusi. Huo mlima wako ni kama ugali uliomwagiwa maziwa, lakini asante. Mama aliutazama kidogo tu, akarudi kwa sufuria zake. Baadaye nikakuta amezungusha chungu ili mlima uangalie mlango, wageni wakiingia wauone. Jijazie mwenyewe.

Na kina jambo lingine zuri. Kile cha zamani kilikuwa kinakunywa maji asubuhi na jioni, na unajua maji huku ni ya kununua kwa mtungi. Hiki chako hakinywi. Nilimwagia mchanga siku ya kwanza na mpaka leo umelowa vile vile. Mama anasema angalau sasa maji ya dawa yatarudi kwa sufuria.

Nimekiweka dirishani. Kama hukuwa umelala darasani utakumbuka: maji hukauka upesi kukiwa na joto, upepo, hewa kavu, na sehemu pana iliyo wazi. Na yakikauka yanaondoka na joto, ndiyo kilichobaki kinapoa. Upepo wa dirishani upo, na hewa ya mwezi huu inapasua midomo. Dawa yangu itaomba sweta.

Mdogo wako,
Nzilani

*

Kawangware, 2 Februari 2025

Mwalimu Nzilani,

Shikamoo, kama wanavyosema watu wa pwani. Uko fiti? Mathe je? Mimi nadunda.

Hayo ya upepo na hewa kavu usinifundishe. Mimi nayasoma kwa ngozi. Nikiwa juu ya ngazi huko Riruta nimelowa jasho, upepo ukipita kidogo tu nasikia baridi mpaka mgongoni. Wewe unasoma kwa kitabu, mimi ndio kitabu.

Lakini hiyo habari ya chungu kisichokunywa maji imenifungua macho. Hao wa kliniki walikuwa wapi? Friji isiyotaka stima na isiyotaka maji! Nikipata vyungu vingine nitapaka Silanga nzima. Makina wataagiza. Mathe atasikia jina langu likitajwa kanisani, ajifanye hanijui kama ataweza.

Kaka yako, mvumbuzi,
Muia

*

Silanga, 20 Februari 2025

Kaka,

Natumai wewe u mzima. Mimi siumwi kidogo, naumwa hasa, na sina nguvu ya kudanganya kwa salamu.

Nina kiu isiyoisha. Nakunywa, naenda choo, narudi nakunywa. Sketi ya shule naifunga kwa pini. Kliniki walipopima sukari, nesi alitazama mashine, akanitazama mimi, akampa mama kiti kwanza. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na mboga ya sukuma. Akamwambia mama kwamba watoto wa umri wangu huchoka na ugonjwa, wakaanza kula vitamu kisiri.

Tulipofika nyumbani mama akafungua begi langu na kupata karatasi yenye mafuta ya mandazi. Ni ya Mercyline, Muia. Begi lake lilichanika, tunatumia moja. Mama hakutaka kusikia. Alinichapa kwa mwiko, kisha akakaa chini akalia kuliko mimi. Sasa kila nikirudi ananinusa mdomo.

Sindano sijaruka hata moja. Jumamosi nilikuwa nyumbani mchana, nikaingiza mkono kwa chungu. Ndani ni moto kama uji. Nikamwambia nesi, akasema wamewapatia watu wengi hivyo vyungu na hakuna aliyelalamika. Nimejiuliza yote tuliyofundishwa. Joto lipo. Upepo upo. Hewa ni kavu. Sijui ni nini kinakosekana. Wewe ndiye uliyekitengeneza, hebu fikiri. Na tafadhali niamini.

Mdogo wako,
Nzilani

*

Kawangware, 24 Februari 2025

Niaje mgonjwa wa mandazi,

Pole na ugonjwa, pole na mwiko. Mimi mzima, namshukuru Mungu na Nderitu.

Nimefikiri kama ulivyoomba. Chungu hakina kosa. Nilikipaka mwenyewe, na kazi ya Muia haina kosa. Kama mchana kinapata joto, kipe upepo zaidi, kipepee na katoni. Hayo mengine tuambiane ukweli kama ndugu. Kama ulionja, ulionja. Mandazi ya pale kona yanamshinda hata pasta wa kanisani, itakuwa wewe? Omba msamaha kwa mathe, yaishe. Mimi siwezi kukuchukia kwa sababu ya unga na mafuta.

Kunywa maji. Ucheke kidogo.

Kaka yako,
Muia

*

Silanga, 2 Machi 2025

Muia,

Salamu.

Maandishi yangu yanapinda kwa sababu macho yanaona mstari mmoja kama miwili. Leo nimetapika. Shule siendi.

Sikula mandazi. Sikuonja. Najidunga na ni kama najidunga maji. Mama haniamini, nesi haniamini, na hao nilikuwa nawavumilia kwa sababu nilijua wewe utaniamini.

Usinitumie mzaha mwingine.

Nzilani

*

Hospitalini, kwenye benchi la nje, 6 Machi 2025

Nzilani,

Sijui nikuulize hali namna gani, na ninaiona kupitia kioo cha mlango. Nimemwomba nesi akuwekee hii mkononi. Anasema umelala tu na husikii, lakini mimi nimeandika.

Barua yako iliniuma, na nikiumwa mimi hubishana. Nikaenda sokoni kwa Kageha, yule mama wa vyungu, nimpate shahidi kwamba chungu changu ni sawa. Alikuwa ameweka vyake nje kwenye upepo, vyote vinatoka jasho, chini matope. Akanichotea maji kwenye kimoja. Nzilani, yale maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma, na jua lilikuwa utosini. Nikamwambia mama, changu ni bora, changu hakitoki jasho. Nikamweleza koti mbili, ndani na nje, na kifuniko cha bati. Akaacha kucheka.

"Basi hiyo ni ndoo," akasema. "Kisipotoka jasho kitapoa na nini?"

Nikagusa chungu chake, kidole kikalowa. Udongo una vitundu. Maji yanapita humo mpaka nje, hewa inayakausha, nayo yanaondoka na joto. Ndiyo jasho. Mimi nimeziba kila kitundu kwa rangi ya milango, na juu nimekaza bati. Uliandika vitu vinne kwa ile barua ya kwanza: joto, upepo, hewa kavu, na sehemu iliyo wazi. Vitatu vilikuwepo. Cha nne nilikifunga mimi na kuchora mlima juu yake. Tukafurahi ati hakinywi maji. Yale maji tuliyookoa ndiyo yangekuwa baridi yako. Dawa imepikwa humo mwezi mzima karibu na mabati, na wewe ukajidunga, ukachapwa, na mimi nikakuita mgonjwa wa mandazi.

Nilikimbia kutoka sokoni mpaka Silanga. Mlango una kufuli. Mercyline akaniambia mmekuja huku asubuhi, mathe amekubeba mgongoni mpaka barabarani na wewe una urefu kumzidi. Nilipofika hapa mathe alikuwa nje ya wodi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Akanitazama viatu, akanitazama uso, akasema, "Hata leo umekuja kunionyesha nini?" Akaingia. Mlinzi akanisukuma nje na maneno yangu.

Kwa hivyo nayaandika. Nesi, kama wewe ndiwe unasoma, mwambie daktari ile dawa ya nyumbani imeharibika, asimpe hata tone. Na mwambie mama yake mtoto hakula kitu. Ni chungu. Ni mimi.

Kaka yako,
Muia

*

Kwenye benchi lile lile, 8 Machi 2025

Nzilani,

Bado uko hapo? Mimi niko hapa.

Nesi wa jana amebadilishwa na huyu wa leo hajui kama uliwekewa barua. Ameniambia umewekewa dripu na wanapima sukari kila mara. Nimemuuliza kama utaamka. Akaniambia niombe. Mimi sijui kuomba, najua kupaka rangi, na unaona imetufikisha wapi.

Nimejaribu kukuandikia mzaha. Nilikuwa nao mmoja kuhusu mlinzi na tumbo lake. Umekataa mzaha, nimeuacha. Sikujua bila huo nina maneno machache hivi.

Amka tu, unitukane. Amka useme hukula. Nitasimama hapo mlangoni niseme na mimi kwamba hukula, mpaka wodi nzima waseme hukula. Ukitaka nirudi shule nirudi, nikae na watoto wadogo wanicheke. Ukitaka nisishike brashi tena, sawa. Sema chochote.

Nakuamini. Nilipaswa kuandika hivyo tarehe ishirini na nne.

Kaka yako

*

Wodini, 9 Machi 2025

Muia,

Nakusalimu. Mimi mwili ni mzima.

Nesi alinipa barua zako kwa sababu Nzilani mwenyewe hawezi kusoma. Ya kwanza niliitia mfukoni bila kuifungua, nilijua ni maneno yako ya siku zote. Ya pili nilipopewa leo asubuhi nikazifungua zote mbili pamoja. Nimezisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa.

Daktari nimemweleza habari ya rangi. Dawa tuliyokuja nayo ameitupa. Alisema hiyo ni sababu ya kutosha, na kwamba mtoto alikuwa akisema kweli. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeniletea habari njema.

Sukari inashuka polepole. Macho hajafungua. Nikimshika kidole anafinya kidogo, halafu anaacha, na mimi sijui kama ni yeye au ni usingizi.

Wewe umeandika ni mimi, ni mimi. Sikatai, rangi ni yako. Lakini mwiko niliushika mimi. Aliniambia mara ngapi mama sikula, na mimi nikamnusa mdomo kama mwizi. Akifungua macho mtu wa kwanza kumwona atakuwa mimi, na nimekaa hapa naogopa macho ya mtoto wangu mwenyewe.

Njoo ukae upande ule mwingine wa kitanda. Mlinzi nimemwambia kuna kijana mwenye rangi kwa viatu, asimzuie tena, ni wangu.

Mama yenu