Sunita hakunyamaza

Jordbro, Uswidi, Jumanne jioni

Bado namfikiria Sunita. Mwaka mzima tumefungasha maboksi pamoja ghalani, wala sikujua kwamba kwao India yeye ni Dalit, mtu wa tabaka linalohesabiwa najisi.

Leo wakati wa mapumziko alitumiminia chai. Mwenzetu mpya, naye Mhindi, alimwuliza jina la ukoo. Alipolisikia alikisukuma kikombe pembeni, akasema hana kiu.

Sunita aliketi mbele yake. "Maana ya jina langu unaijua," alisema taratibu, kwa Kiswidi ili sote tuelewe. "Kaka yangu alivunjwa mkono kwa sababu alipanda farasi siku ya harusi yake, jambo ambalo tabaka la juu hututakaza sisi. Waliomvunja nao walikuwa hawanywi chai yetu. Hapa sitanyamaza."

Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, akataka yaandikwe yote. Nilimsindikiza kama shahidi. Alieleza yote bila kupunguza neno. Ningekuwa mimi, ningeinamisha kichwa tu.

Naogopa wakubwa wa kazi watasema ni mambo ya Wahindi wenyewe.

Tukielekea kwenye treni nilimwambia nisilowahi kumwambia mtu: kwetu Burundi, mama alimtengea jirani yetu Mtwa, wa kabila linalodharauliwa, kikombe cha peke yake, na mimi ndiye niliyekiosha mbali na vyetu. Nilidhani atanichukia.

"Huyo jirani aliitwa nani?" aliuliza.

Jioni hii nimempigia mama simu kumwuliza. Hata yeye hajui.