Dole la Ferista

Tunduma, 9 Februari 2023

Dada Ferista,
Shikamoo. Hamjambo huko Ihanda? Mimi mzima. Nakuandikia kwa sababu simu sina. Mashine ya kusajili laini imekataa vidole vyangu tena, watu wakacheka.

Yule daktari aliyetupima damu amenieleza. Ni jeni iitwayo SMARCAD1. Protini yake ni ya familia ya SNF2, ambayo kazi yake ni kulegeza uzi wa DNA uliokunjwa, ili maagizo yasomeke. Mimi, kama marehemu baba, nakala moja ina kasoro, ndiyo maana vidole vyetu havina mistari. Wewe ulirithi nzima.

Nisajilie laini mbili kwa jina lako, nianze biashara ya kubadilisha kwacha za Zambia kwa simu hapa mpakani. Zikiwa tayari mpe Uledi, kondakta wa basi la huko.

Mdogo wako,
Zabron


Ihanda, 16 Februari 2023

Mdogo wangu,
Marahaba. Tu wazima, magoti tu yananisumbua. Barua yako imeniliza. Tumezaliwa tumbo moja, vidole vyangu ni vyako. Laini hizo hapo, sasa tutapigiana.

Dada yako,
Ferista


Vwawa, 14 Novemba 2024

Zabron,
Sijui kama u mzima, simu hupokei. Na yangu wameichukua polisi wa hapa Vwawa walionikamata. Laini zile zimetapeli watu, akiwemo mama wa kijiji cha Ruanda aliyetuma ada ya mwanawe. Nikakana, wakaniwekesha dole kwenye mashine, ikanitaja mimi.

Nikamwomba daktari aje awaeleze habari za vidole vyako. Akashangaa. Kumbe alikupeleka mwenyewe ukasajiliwa kwa utaratibu wa wasio na alama za vidole, kabla hujaniandikia. Ya jeni yalikuwa kweli, nikameza na uongo uliofuata. Umeniumiza sana. Njoo useme ukweli, nisifungwe.

Dada yako,
Ferista


Tunduma, 20 Novemba 2024

Dada,
Shikamoo. Pole na matatizo. Siwezi kuja. Wewe mjane, hakimu atakuonea huruma. Mimi nimebadilisha jina, na alama sina, watanijuaje? Ukiwa na neno, mpe Uledi, anajua nilipo.

Mdogo wako,
Zabron


Vwawa, 25 Novemba 2024

Zabron,
Shikamoo yako siitikii. Nimelia hadi nimechoka.

Polisi nao waliniuliza watakujuaje. Nikawaambia mpakani pote kila mtu ana mistari vidoleni, isipokuwa mmoja.

Huyo aliyefuatana na Uledi ni askari. Mpe mkono.

Ferista