Nimeshuka kwa Gia, Baba

Kiogoro, Kisii
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila roho yangu iko kwenye goti lako. Je, bado linakuzuia kwenda msikitini alfajiri? Usimfiche Mama Mdogo maumivu, maana ndiye aliye karibu nawe. Huku mvua haijatuacha. Nguo zangu nazianika jikoni, na wanafunzi wangu wa Kiswahili bado hawaamini kwamba huko Msambweni watu hulala bila blanketi.

Juzi kwenye simu nilikuambia gari liko kwa fundi, nikakatisha maneno. Nilitaka kukueleza kwa maandishi, ujue kwanza kwamba nimesalimika, ndipo ushtuke.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Nyakundi, yule uliyezungumza naye kwa simu siku ya Idi, alipasuliwa ngiri katika hospitali moja upande wa Nyamira. Ijumaa ya wiki iliyopita akaruhusiwa. Mkewe, Mama Moraa, akaniomba nikamchukue kwa kigari changu. Wao ni Waadventista, na mzee alitaka jua la Ijumaa litue akiwa kwake, aipokee Sabato kitandani mwake. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, nami nikaapa moyoni kwamba mshono ule hautatikiswa.

Gari lenyewe ndilo lile la otomatiki ulilolicheka, ukasema mguu wa kushoto unapanda bure kama abiria asiyelipa. Nikaweka kwenye D, tukaondoka. Milima ya huku, Baba, hupanda polepole kati ya mashamba ya chai, kisha huanguka ghafla upande wa pili. Kwenye mteremko mrefu nilishuka nimekanyaga breki muda wote, nikidhani namtunza mgonjwa.

"Mwalimu," Mama Moraa akasema, "hii gari inanuka."

Nami nilikuwa nimeshaisikia ile harufu ya kuungua. Nikakanyaga tena, pedali ikazama laini kama unga uliokandwa. Mbele yetu lori la majani ya chai lilikuwa likijikokota, na pembeni wachumaji walitembea na vikapu migongoni. Sikuwa na pa kupita.

Kilichonitoka kinywani ni jina lako. "Baba!" nikapiga kelele. "Baba!"

Nikakuona, wallahi, uko kwenye usukani wa lori la kabichi, tunateremka kutoka Wundanyi, mimi mtoto pembeni yako. "Usilalie breki, mwanangu. Rudisha gia, injini ikushike." Lakini gari hili halina klachi, na tangu nilinunue sikuwahi kuugusa mkono wa gia njiani. Nikaushika. Nikauvuta kutoka D hadi 2. Injini ikanguruma kwa hasira, gari likatetemeka lote, nikadhani nimelivunja. Kisha nikalisikia likijizuia, kama ng'ombe anayevutwa kamba. Nikainua breki ya mkono kidogo kidogo, mwendo ukapungua, nikauvuta tena hadi L, gia ya chini kabisa. Tukawa tunakwenda kwa mwendo wa mtu, huku lori likizidi kuwa mbali. Upande wa kushoto palikuwa na uwanja wa kupimia chai, wenye mwinuko. Nikaingia hapo, gari likapanda kidogo, likasimama.

Nikazima injini. Ndipo nikahisi kiganja begani.

"Niko hapa, mwanangu," Mama Moraa akasema. "Nimesikia ukiniita. Niko hapa."

Sikuelewa mpaka baadaye. Kwa Wagusii, Baba, neno "baba" ni mama. Mzazi wa kiume wao humwita "tata". Nilikuita wewe, akaitika yeye. Tangu Mama atutoke, hakuna aliyewahi kuniitika namna ile. Nikaegemea usukani nikalia, na hakuniambia ninyamaze.

Mzee akafumbua macho. "Tumefika?"

"Bado," mkewe akamjibu. "Mwalimu anapumzisha gari."

Breki zilipopoa tukamalizia safari kwa ile 2, taratibu, na jua likatua tukiwa mlangoni. Mshono haukuguswa. Fundi amesema mafuta ya breki yalikuwa yamechakaa, yakachemka. Ameyabadilisha pamoja na pedi. Leo mzee ametembea mwenyewe hadi kwenye migomba yake.

Uliniuliza kama nimeomba uhamisho wa kurudi Pwani. Sijaomba, Baba, na sitaki kukudanganya kwamba nitaomba mwaka huu. Najua unahesabu kwamba huku niko peke yangu. Siko peke yangu. Njoo likizo ya Agosti uwaone kwa macho yako. Mama Moraa ameshauliza kama unakula ndizi za kupikwa, na mimi nimemjibu kwamba utakula chochote ilmradi kuna pilipili.

Nisalimie Mama Mdogo Biasha kwa moyo wote, na kaka yangu Hamadi huko gereji kwake. Shangazi Mwanasha, aliyenifungia leso ya safari, mwambie hiyo leso ndiyo iliyomfunika mzee njia nzima.

Goti lile, Baba, likande kwa maji ya moto. Uje ukiwa unaweza kupanda vilima.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi