Kisu Ninachokifungua Kila Asubuhi

Mjukuu wangu Neema,

Natumaini huko Kitaji mmeamka salama. Hapa Buswahili tupo. Goti la bibi yako limetulia, na yule ndama uliyemwacha mgonjwa sasa anatoroka zizini.

Umeuliza kwa nini kila asubuhi nafungua kile kisu changu kikubwa cha kukunja, kisha nakifunga bila kukata kitu.

Nilipokuwa kijana nilikuwaga nacho kiunoni kila siku, nipate kuonekana. Asubuhi moja jirani yetu, Mama Wegesa, akaniita mbio. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amekula majani mabichi ya viazi, tumbo likajaa gesi, likawa gumu kama ngoma. Ilibidi atobolewe upesi, la sivyo angekufa. Nikachomoa kisu, kikakataa kufunguka. Kutu ilikuwa imekamata, maana tangu nikinunue sikuwahi kukitumia.

Mama Wegesa akaninyang'anya, akakipaka samli, akakifungua kwa meno. Akamtoboa ng'ombe mwenyewe, ubavu wa kushoto, hewa ikatoka. Baada ya muda ng'ombe akasimama. Mama Wegesa akanirudishia kisu huku ananitazama, wala hakuwa na hasira.

"Kumbe hiki ulikuwaga unakivaa tu?"

Tangu siku hiyo nakifungua kila asubuhi.

Leo asubuhi kimefunguka, ila nimetumia mikono yote miwili. Mafuta nimetia. Sijui ni kisu au ni mimi. Ukija likizo ukifungue wewe, tujue.

Babu yako